Kibuyu Kizima cha Bibi Kobe

Hapo zamani za kale, watoto wangu, ndoo ya plastiki haijazaliwa na bomba halijulikani, maji yalichotwa kwa kibuyu, maziwa yaligandishwa ndani ya kibuyu, na mbegu zililala kwenye kibuyu zikingoja mvua. Haya, chekeni! Mnacheka kwa sababu hamjawahi kubeba maji kichwani. Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia aende zake akalale, maana hadithi hii siirudii mara mbili. Inaniuma kila nikiisimulia.

Katika kitongoji cha Majani Mapana aliishi Kindi. Mwili kiganja, mkia mrefu, macho hayatulii. Kazi yake ilikuwa kushona vibuyu. Kibuyu chako kikipata ufa, unampelekea. Anatoboa vitundu kando ya ufa kwa sindano ya mfupa, chwi! chwi! chwi! Anapitisha uzi wa katani, anaukaza kwa meno, kisha anapaka nta ya nyuki juu ya mshono. Kibuyu kinarudi kazini kama hakijawahi kuumwa.

Ufundi huo aliurithi kwa baba yake. Mzee alipokuwa anakata roho alimwachia sindano moja na maneno machache: "Uzi hushika, nta huziba. Ukiacha kimoja, umefanya nusu kazi."

Kindi alikuwa mdogo bado, na hakuna aliyetaka kumpa kazi. "Huyu? Si atanimalizia kibuyu changu!" Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, Bibi Kobe. Bibi alimletea kata yake ya kuchotea maji, imepasuka. Kindi akaishona, na mshono ukaenda upogo kama njia ya ng'ombe. Bibi Kobe akaichukua kata ile, akapita nayo nyumba kwa nyumba, polepole kama kawaida yake, siku tatu nzima.

"Tazameni kazi ya mjukuu wangu!"

Hakuwa mjukuu wake. Kobe na kindi, wapi na wapi? Lakini tangu siku ile alimwita hivyo, na wateja wakaanza kuja.

Na huyo Bibi Kobe alikuwa na kazi yake pia. Yeye ndiye aliyetunza mbegu za mmumunye za kitongoji kizima. Zilikaa ndani ya kibuyu kimoja kikubwa, cheusi kwa moshi wa jikoni, alichopewa na mama yake, na mama yake kapewa na mama yake. Kila mwaka mvua zikikaribia, watu walikwenda kwake na bakuli. Bibi alizibua kibuyu, akampa kila mmoja konzi moja, akakiziba tena kwa nta. Watu walipanda, mimumunye ikazaa, mumunye zikakauka zikawa vibuyu, na mbegu zake zikarudi kwa Bibi. Basi kibuyu chochote mlichokiona Majani Mapana, kilitoka kwenye konzi ya Bibi Kobe. Hilo mlishike.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha ikapitiliza. Mimumunye ilitambaa hadi juu ya mapaa. Kila nyumba ikawa na rundo la vibuyu vipya, hata watoto wakavipiga teke kama mpira. Watu walishangilia. Na Kindi, maskini, alishangilia nao.

Mwezi ulipoisha, alitia uzi wake mfukoni akatoka kutafuta kazi.

"Vibuyu! Vibuyu vya kushonaaa!"

Hakuna mlango uliofunguliwa.

"Hodi kwa Mzee Tembo!"

"Karibu. Unauza nini?"

"Siuzi, mzee, nashona. Huna chenye ufa?"

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga puu! puu! "Ufa? Kikipata ufa nakitupa! Ninavyo ishirini na saba pale nyuma. Nishone vya nini?"

Kindi akaenda kwa Mama Kiboko. Akamkuta amesimama jalalani, anatupa kibuyu. Pwaa!

"Mama, hicho kina ufa mdogo tu. Ningekushonea."

"Wewe baba, nikusubiri wewe na uzi wako, na vipya vimejaa ndani? Kipya kinyemi!"

Kindi akapunguza malipo, kibaba cha mtama kikawa nusu kibaba. Hakuna aliyeita. Akasema atashona bure, mteja atalipa safari ya pili. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Bure?" Bwana Nyati akakunja uso. "Kina kasoro gani hicho cha bure?" Kisha akamtazama Kindi juu mpaka chini, akalegeza sauti. "Sikiliza. Palizi imeanza kwangu. Njoo kesho na jembe, utakula."

"Mimi ni fundi, Bwana Nyati."

"Fundi wa nini? Kwani kazi iko wapi?"

Neno lile lilimchoma Kindi. Alirudi nyumbani hakumsalimia mtu njiani. Mkewe, Mama Tunu, alimsikiliza, kisha akafunua chungu akamwonyesha ndani. Kilikuwa kikavu.

"Kalime," akasema.

"Nikishika jembe msimu mmoja vidole vitakakamaa. Sindano haitanijua tena. Ufundi wa baba utakufa mikononi mwangu. Wewe huelewi."

"Njaa naielewa."

Siku ya pili Bibi Kobe alifika, kwata, kwata, na kibaba cha mtama juu ya gamba. Hakuna aliyemwambia, ila wazee hunusa njaa ya jirani. Akaketi, akapumua.

"Soko hulala, mjukuu wangu, halafu huamka. Mimi kazi yangu ya mbegu ni siku moja kwa mwaka. Zilizobaki zote ni kungoja. Ngoja na wewe. Nitakuletea mtama."

"Ahsante, Bibi."

Akala mtama. Lakini kungoja hakukumwingia akilini. Mwenye mbio kumwambia angoje ni kumfunga kamba.

Sasa Tembo alifanya karamu ya togwa baada ya mavuno, na kitongoji kizima kikaalikwa. Kindi alikwenda na kibuyu chake mwenyewe, kidogo, chenye mshono mmoja alioushona upya kwa uzi aliouchemsha na magome mpaka ukawa mwekundu pyu. Hakukipaka nta, ili wekundu uonekane. Alinywea humo. Mama Kiboko alipotaka kukishika, akakirudisha nyuma.

"Samahani, mama. Hiki si cha kila mkono."

"Ehe! Kina nini? Si kibovu hicho, kimeshonwa!"

Kindi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo ndani nje. "Kumbe huku habari hazijafika? Ng'ambo ya mto, mama, kibuyu kisicho na mshono hakiwekwi mbele ya wageni. Kizima ni cha mtu anayeanza maisha. Mwenye cheo chake vyombo vyake vimeishi, vimepasuka, vimeshonwa. Mshono ndio unaosema: hapa pana mtu." Akanywa funda. "Lakini huku si ng'ambo. Endeleeni tu na vizima vyenu, hamna kosa."

Akainuka akaaga. Tembo alikuwa anavitazama vibuyu vyake ishirini na saba, vizima vyote, vimepangwa mbele ya kitongoji kizima.

Asubuhi, jua halijapanda vizuri, Mama Tunu akamwamsha mumewe. "Sikia!"

Pa! Pa! Pa! Kutoka kwa Tembo. Pa! Kutoka kwa Kiboko. Pa! Pa! Kutoka kwa Nyati. Watu walikuwa wanapasua vibuyu vyao wenyewe.

Jua lilipofika utosini, uani kwa Kindi pamejaa.

"Fundi, changu kwanza!"

"Mimi nimetangulia!"

Tembo akainama, akanong'ona kwa ile sauti yake inayosikika mpaka mtoni. "Mama Kiboko umemwekea mishono mingapi?"

"Miwili, mzee."

"Nipe mitatu!"

"Lakini hiki kina ufa mmoja tu."

Pa! Pa! "Haya, sasa mitatu. Shona."

Mama Tunu aliingia ndani akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka machozi. Chungu kilijaa. Kindi akashona, chwi chwi chwi, akafika kwenye nta.

"We! We! Unafunika nini?" Tembo akaruka, na ardhi ikatetemeka.

"Nta, mzee. Maji yasipite."

"Yapite tu! Ukipaka nta nani atauona mshono?"

Kindi akashika donge la nta mkononi. Maneno ya baba yake yalimjia waziwazi, kama mzee amesimama nyuma yake. Uzi hushika, nta huziba. Kisha likamjia wazo jingine, la kwake mwenyewe: kikivuja, atarudi.

Akaliweka donge chini. Tangu siku ile hakuligusa tena.

Na kweli walirudi. Vibuyu vilivuja, to, to, to, toka kisimani hadi mlangoni. Wakaleta vishonwe zaidi. Vingine vilikuwa mishono mitupu, kibuyu chenyewe hukioni. Vikioza wanavunja vingine kutoka kwenye rundo. Marundo yakapungua, na hakuna aliyejali, kwani mvua si zinakuja? Na mbegu si ziko kwa Bibi?

Kindi alinenepa. Akapaka ukuta wake chokaa. Akipita, watu wazima wanamwita "Fundi Mkuu". Bwana Nyati, yule wa jembe, alimsalimia kwa kuinamisha pembe. Nani asiyependa? Hata mimi ningependa.

Zikabaki wiki chache za kiangazi. Siku hiyo foleni ilikuwa imefika barabarani, Tembo mbele, Mama Kiboko nyuma yake, halafu Nyati. Kindi akasikia kwata, kwata. Watu wakapisha, wengine wakiguna. Bibi Kobe alikuwa amefunga kibuyu cha mbegu mgongoni kwa kamba, na vumbi la njia limemjaa hadi machoni.

"Hodi, fundi."

"Karibu Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakishusha taratibu juu ya mkeka. "Nimekuja kukuuliza jambo. Mzee Tembo alipita kwangu. Amesema mwaka huu hawatapokea mbegu kutoka kibuyu kizima. Ati ni aibu, ati ni chombo cha mtu anayeanza maisha."

"Nimesema, na narudia!" Tembo akadakia. "Heshima ni heshima!"

"Mimi mambo ya ng'ambo siyajui," Bibi akaendelea, hakumgeukia. "Mama yangu alinipa kikiwa kizima, na mimi nimekitunza kikiwa kizima. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe. Lakini wewe ndiye fundi, na wewe ni wangu. Kwa hiyo nikasema sitamsikiliza mtu, nitakwenda nikamuulize mjukuu wangu. Ni kweli?"

Watoto, niwaambie kilichopita kichwani mwa Kindi, maana alikisema mwenyewe baadaye, akilia. Aliangalia kibuyu kile cheusi. Aliangalia foleni, kila jicho liko kwake. Akisema si kweli, Tembo amesimama pale na kibuyu chenye mishono kumi na moja. Chungu kitakauka. Jembe la Nyati linamngoja. Akajiambia: nitasema ndiyo sasa hivi, mbele yao. Jioni nitakwenda kwake, dakika moja tu, nitamnong'oneza ukweli. Si nina mbio? Yeye atakuwa hajafika hata nusu ya njia.

"Ni kweli, Bibi," akasema.

"Basi," akasema Bibi Kobe.

Maisha yake yote Bibi Kobe hakuwahi kufanya jambo kwa haraka. Kula polepole, kusema polepole, hata kukasirika kwake kulichukua siku mbili. Siku ile pekee alikuwa mwepesi. Alikiinua kibuyu, akakipiga kwenye jiwe la kunolea sindano.

Pa!

"Bibi, ngoja!"

Aaa, wapi! Mbegu zilikwisha mwagika mkekani, nyeupe, safi, chwaaa. Kindi na mbio zake zote alibaki ameinua mkono hewani.

"Mbona umesimama?" Bibi Kobe akamuuliza. "Shona, mjukuu wangu. Mkono wako naujua."

Alikishona. Hajawahi kushona vile, kabla wala baada. Vitundu vilikaa sawasawa, uzi ukalala kama nywele zilizosukwa. Hakutaka malipo. Alipomaliza akachukua donge la nta, likiwa limekauka kwa kukaa.

"Hapana, usipake," Bibi akasema, akacheka kidogo kwa haya. "Na mimi wanione."

"Bibi, hiki ni cha mbegu. Tafadhali."

"Fundi!" Tembo akanguruma. "Sisi tunafunuliwa, yeye afunikwe?"

Kindi angeweza kung'ang'ania. Sekunde ile ilitosha. Badala yake akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nitakuja kwako kesho, Bibi. Nitaipaka huko huko nyumbani."

"Njoo, nitakupikia."

Kesho yake alikuja Pundamilia na vibuyu sita. Keshokutwa, Twiga na familia yake. Kila jioni Kindi alisema kesho. Alilitia donge la nta mfukoni ili asisahau, akawa analigusa kila mara, na kila mara anasema kesho. Bibi Kobe, nilisikia, alipika siku nne mfululizo. Ya tano akaacha.

Halafu mawingu yakafunga. Ngurumo! Siku ya mbegu ikafika. Watu wote wakakusanyika kwa Bibi Kobe na mabakuli yao, na Kindi akaja, amejificha nyuma ya miguu ya Twiga, nta iko mfukoni.

Bibi alitoka na kibuyu chake, ameng'arisha mshono kwa mafuta. Watu wakapiga vigelegele. "Sasa hicho ndicho kibuyu!" Akakiinamisha juu ya bakuli la kwanza, la Tembo.

Fuuu. Likatoka vumbi.

Akatikisa. Vumbi, na fukusi wawili, wadudu wala mbegu walioingia kwa vitundu vya mshono, wamenona, wakatambaa ukingoni mwa bakuli. Akatikisa tena. Zikaanguka mbegu, nyepesi kama maganda ya mpunga. Bibi akaokota moja, akaileta karibu na jicho. Ilikuwa na tundu. Akaokota nyingine, ina tundu. Zote zilikuwa na tundu, dogo, la kupita sindano.

Mvua ikaanza, tone moja moja.

Kindi hakuweza tena. Akapenya katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele ya wote. "Ni mimi! Hakuna mambo ya ng'ambo. Ng'ambo sijawahi kufika! Nilikosa wateja nikatunga uongo. Kibuyu kizima hakina aibu yoyote. Kishoneni kilichopasuka, na mkipake nta. Nimewadanganya. Nipigeni."

Akafumba macho akingoja mguu wa Tembo.

Akasikia kicheko. "Fundi amechoka, jamani," alisema Tembo. "Mimi? Nidanganywe? Na kichwa chote hiki?"

"Mimi nilijua habari za mishono kabla yake," Mama Kiboko akasema. "Shangazi yangu anaishi ng'ambo."

"Anataka tuache ili apumzike," Nyati akasema. "Si bure, ameshiba."

Na walipokuwa wakisema, vibuyu vyao vilikuwa vinavuja mikononi mwao, to, to, to, juu ya miguu yao wenyewe. Mnaona? Mkubwa yuko radhi alowe kuliko kukiri kwamba kadogo kamemcheza shere. Kindi alikuwa ameomba apigwe, na hata hilo hakulipata.

Wakatawanyika kwenda kujikinga mvua. Akabaki yeye na Bibi Kobe, na kibuyu katikati yao.

"Bibi."

Bibi Kobe alikuwa anarudisha mbegu zile zenye tundu ndani ya kibuyu, moja baada ya nyingine, sijui za nini.

"Wao wote walisema," akanena mwishowe. "Tembo alisema, Kiboko alisema, hata watoto walisema. Sikuwasikiliza. Mimi nilikuja kukuuliza wewe."

Kindi akalia. Nta ilikuwa mkononi, akaitazama kama kitu kisicho na jina. "Nipe adhabu yoyote. Niambie mbegu ziko wapi, nitakimbia sasa hivi. Siku mbili niko huko, siku mbili nimerudi."

"Ziko kwa ukoo wa mama yangu, nyuma ya vilima saba. Lakini mbegu hazipewi miguu." Akajifunga kibuyu mgongoni. "Watakuuliza, umetumwa na nani, na neno lako linadhaminiwa na nani? Utawaambia nini?"

Kindi akalirudisha donge la nta mfukoni.

Bibi Kobe akaondoka mwenyewe katika mvua ile, kwata, kwata. Kindi alimfuata hadi kilima cha kwanza bila kusemeshwa, kisha akarudi.

Mvua ile watu walipanda mahindi, walipanda kunde, lakini mmumunye hawakupanda. Marundo yaliisha. Foleni kwa Kindi ilikuwa ndefu kuliko wakati wowote, na kila mmoja amebeba kibuyu chake cha mwisho. Alivishona, safari hii kwa nta, wenyewe wakilalamika. Lakini mshono juu ya mshono haushiki, tundu limekuta tundu. Mwisho vikasambaratika. Wateja wakaisha, maana hakukuwa tena na cha kushona. Watu wakawa wanakunywa kwa viganja, wameinama mtoni, Tembo na heshima yake akiwa wa kwanza. Kindi akaazima jembe, akaenda kwa Bwana Nyati kupalilia. Vidole vikakakamaa, kama alivyosema. Majuto ni mjukuu, watoto, na kwake alihamia kabisa.

Misimu miwili ikapita. Wa tatu, asubuhi, alikuwa amekaa kizingitini anatoa miiba ya palizi, akasikia kwata, kwata.

Bibi Kobe alikuwa amekonda, gamba limechubuka ubavuni. Mgongoni amebeba kibuyu kipya, kizima, kimezibwa nta mdomoni. Alipita kila nyumba akatoa konzi moja moja. Hakumruka mtu. Akafika kwa Kindi, akamhesabia konzi yake sawa na wenzake, hakupunguza hata mbegu moja.

Kindi akapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, fundi."

Akageuka akaenda zake nyumba ya pili.

Kindi alisimama pale na mbegu mikononi mpaka Mama Tunu akamwita mara tatu. Hakukasirikiwa, hakutukanwa, mbegu amepewa. Lakini aliitwa fundi.

Mimumunye ikazaa tena, vibuyu vikajaa, na vikipata ufa watu walimletea, kidogo kidogo, kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine. Soko liliamka, kama alivyoambiwa. Ila tangu siku ile Kindi akipata mbegu yoyote, hata akiwa na njaa, haili yote. Huchimba kishimo akaifukia, huangalia huku na huku, kisha hukimbia kutafuta nyingine. Hadi leo mtamwona, na mkimwuliza anamwekea nani, hajibu. Mimi najua anamwekea nani. Anangoja siku moja Bibi apite hapo, aone, amwite lile jina lake la zamani.

Bibi amepita mara nyingi. Humsalimia vizuri tu.

Basi shikeni hili mkalale nalo: wateja huja wakaenda wakarudi, lakini anayekuja kukuuliza kwa kukuamini, ukimdanganya, harudi yule yule.